Jina la Mama Limeandikwa Wapi?

Mibuni huchanua kwa siku chache tu. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, shamba zima hugeuka jeupe, harufu ikaingia hadi ndani ya nyumba, na juma halijaisha maua yamekwisha kunyauka. Katika siku hizo chache, kwenye vijiji vinavyolima kahawa hapa Uganda, sehemu ya mavuno huwa imeshauzwa. Mnunuzi anapita, anatazama matawi, anakadiria kwa macho, anatoa fedha taslimu. Mwenye shamba anapokea. Biashara hiyo ina jina: kuuza maua. Bei huwa ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi anajitwika hatari ya ukame na magonjwa, na kwa kuwa anajua fika kwamba anayeuza ua ana shida ya leo hii, iwe karo, msiba au deni.

Miezi inapita, kahawa inaiva. Anayeichuma, kwa sehemu kubwa, ni mwanamke na watoto wake. Ameipalilia, ameiwekea matandazo, ameilinda na mbuzi wa jirani, na huenda hajui kwamba tangu siku ya maua mavuno hayo yana mwenyewe. Wengine hupata habari siku gunia linapopakiwa kwenye boda boda.

Kila inapokaribia tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, nchi hii humwaga sifa. Mwanamke ni nguzo ya nyumba, ni mama wa taifa, ni jembe lisilochoka. Sifa hizo ni za haki na wanawake wa Uganda wamezitolea jasho. Kasoro yake ni kwamba zinaitukuza kazi na kuiruka saini. Anayetaka kujua mwanamke anaheshimiwa kiasi gani katika nyumba, kijiji au wilaya, afuate karatasi: daftari la ushirika, hati ya ardhi, cheti cha ndoa, faili la mirathi, laini ya simu inayopokea mkopo. Atazame jina lililoandikwa.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaoisifu hawajawahi kuihesabu. Chukua kilo 100 za arabika mbivu kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Matunda hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo mti mmoja hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi, msimu mzima. Kilichochumwa leo lazima kimenywe leo. Kikilala kwenye gunia kinapata joto na kuanza kuchacha, na ladha hiyo mbaya haitoki tena. Baada ya kumenywa, punje hukaa kwenye chombo kati ya saa 12 na 36 ili ute uachie, na kwenye baridi ya juu mlimani zaidi ya hapo. Mama huzipima kwa kiganja: zikiwa bado zinateleza, haijawa tayari, zikikwaruza kama changarawe, wakati umefika. Akiwahi, ute unabaki na ukungu unaingia. Akichelewa, kahawa inanuka siki. Kisha ni kuosha, na maji ya kuoshea hayaji yenyewe. Jerikeni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, inapandishwa mlima kichwani. Halafu kuanika kwenye kichanja, tabaka jembamba, kugeuza mara nyingi kwa siku, kufunika mvua ikitishia, kufunika tena usiku, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 12 hivi. Kilo 100 za matunda hutoa takriban kilo 20 za kahawa yenye ganda jembamba, na ikishakobolewa zinabaki kama 16.

Hizo kilo 20 ndizo zinazoondoka nyumbani. Zinapofika kwenye mizani ya ushirika, karani anafungua daftari na kutafuta jina la mwanachama. Mwanachama ni mwenye shamba. Mwenye shamba ni baba. Malipo yanaandikwa kwa jina lake, na kama ni ya simu yanaingia kwenye laini yake. Hakuna aliyedanganya wala kuiba mahali popote katika mnyororo huo. Kila mmoja alifuata utaratibu, na mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote hakutajwa hata mara moja.

Hasara yake haiishii kwa mama. Mke asiyeona bei wala malipo hutafuta njia. Anachuma debe moja kabla halijaiva vizuri, anamuuzia mchuuzi anayepita nyuma ya nyumba, anapata ya chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Mume akihisi hivyo, naye anawahi kuchuma kabla mke hajachuma. Shamba moja linavunwa na watu wawili wanaoviziana, na kahawa inayotoka ni ya kijani, yenye unyevu, iliyoanikwa chini kwa haraka. Maofisa wa kilimo wamekesha wakihubiri uchumaji wa matunda mekundu. Mahubiri hayo hayatafika mbali katika nyumba ambayo anayesubiri tunda liive ndiye anayelikosa.

Kwa nini basi yeye asiwe mwanachama? Kwa sababu hana ardhi, na hapo ndipo penye mzizi.

Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, inampa mke ulinzi ambao wanawake wengi hawajawahi kuelezwa ukamilifu wake. Ardhi ya familia, yaani ile mnayoishi au ile inayowalisha, haiuzwi, haiwekwi rehani, haikodishwi wala haitolewi zawadi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Ridhaa hiyo hutolewa kabla ya muamala. Pasipo ridhaa, mauzo ni batili na mnunuzi hubaki akidai fedha zake. Sheria ya Rehani ya 2009 nayo inaitaka benki ipate ridhaa ya mwenzi kabla ya kuichukua nyumba ya ndoa kama dhamana.

Maneno hayo ni mazuri, lakini yanavunjika katika sehemu zinazojulikana. Ya kwanza ni kwamba ulinzi huu ni wa ardhi ya familia tu. Kiwanja ambacho mume amekinunua mjini, ambacho hakuna anayekaa wala kulima, kiko nje ya uzio, hata kama kilinunuliwa kwa fedha za kahawa ile ile. Ya pili ni kwamba viwanja na vibanja, yaani ardhi inayokaliwa bila hati, huuzwa mara nyingi kwa makubaliano ya mkono yanayogongwa muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, bila kufika ofisi yoyote ya ardhi. Mwenyekiti akiwa rafiki wa muuzaji, swali la mke halitoki mdomoni mwake. Ya tatu ni saini yenyewe. Mke anaitwa saa ya mwisho, mnunuzi ameshaketi, fedha ziko mezani, karatasi iko katika lugha asiyoisoma, na anaambiwa aweke kidole gumba hapa. Akikataa, atalala wapi usiku huo? Kuna pia wanaoleta mwanamke mwingine aitwe mke. Mnunuzi mwaminifu ana njia rahisi ya kukwepa hilo: aende mwenyewe hadi kwenye ardhi, akae na majirani, aulize nani analima hapa na nani anaishi humu, na aizungumze na mama huyo bei kabla ya kumhesabia baba fedha.

Mwanamke mwenye wasiwasi hapaswi kungoja mnunuzi afike. Kama ardhi ina hati iliyosajiliwa, anaweza kuweka kaveti, yaani zuio, kwenye ofisi ya usajili ya kanda. Zuio la mwenzi wa ndoa juu ya ardhi ya familia lina nguvu ya pekee, kwani linaendelea kuishi maadamu haki yake ya kukaa hapo ipo. Kama ardhi ni ya kimila, ambayo ndiyo hali ya sehemu kubwa ya nchi, kaveti haina pa kushika, kwa hiyo njia ni hati ya umiliki wa kimila. Maombi hupelekwa kwa kamati ya ardhi ya eneo, tangazo hubandikwa, kamati hufika shambani kusikiliza madai na kuonyeshwa mipaka, ripoti hupanda hadi bodi ya ardhi ya wilaya, na hati hutolewa na mwandishi wa kumbukumbu pale gombolola, yaani ofisi ya kata. Sheria inaitaka kamati hiyo ilinde haki za wanawake, watoto, wasiokuwapo na wenye ulemavu, na majina ya mume na mke yanaweza kuingia pamoja. Siku ya kupima mipaka ndiyo yenye uzito. Wanaume husimama kwenye kona za shamba wakionyesha mti huu na jiwe lile, wanawake wakiwa jikoni wanawapikia wageni. Hapo chakula kinaweza kusubiri. Asiyekanyaga mpaka siku hiyo ni vigumu kuingia kwenye hati.

Lakini neno "mwenzi wa ndoa" lina mtego ndani yake. Miaka 20 ya kuishi pamoja, watoto sita na nyumba ya bati mliyoijenga wawili havifanyi ndoa mbele ya sheria ya Uganda. Ndoa ya kimila inatambuliwa kikamilifu, nayo inatakiwa iandikishwe ndani ya miezi sita baada ya sherehe kukamilika, pale pale gombolola. Kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, hufanyika, picha hupigwa, video hutengenezwa, mbuzi na magomesi, mavazi ya heshima ya kina mama, huhesabiwa, na safari ya gombolola husahaulika. Siku mgogoro unapoingia mahakamani, mwanamke huanza kutafuta mashahidi wa sherehe ambao nusu yao wameshazikwa. Fedha zinazomwagwa kwenye maturubai na vipaza sauti vya siku moja ni nyingi mno kuilinganisha na safari hiyo ya boda boda, na inauma kuona ni kitu gani kinachoachwa.

Kuhusu mahari, Mahakama ya Juu iliamua Agosti 2015, katika shauri lililofunguliwa na shirika la Mifumi, kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe ilibaki halali. Ni uamuzi mkubwa kuliko unavyosikika, kwa sababu kuna wanawake waliorudishwa kwenye ndoa za kipigo na kaka zao wenyewe, kwa vile ng'ombe walishaliwa.

Mirathi ndiyo mahali ambapo sheria imebadilika zaidi, ilhali mazoea yamebadilika kidogo sana. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya Sheria ya Mirathi vilivyombagua mwanamke. Bunge lilichukua miaka 15 kujaza pengo hilo. Marekebisho yalianza kutumika 2022, na hesabu yake kwa marehemu asiyeacha wosia ni hii: mwenzi aliyebaki asilimia 20, watoto na wajukuu 75, ndugu waliokuwa wakimtegemea 4, mrithi wa kimila 1. Zamani mjane alikuwa na 15. Nyumba ya makazi ya familia inawekwa kando kwa ajili ya mwenzi na watoto, na kumfukuza mjane humo ni kosa la jinai.

Tuiweke kwa shilingi. Mali nje ya nyumba ni milioni 40, wajane wawili, watoto sita, ndugu tegemezi mmoja. Wajane wanagawana milioni 8, yaani milioni 4 kila mmoja. Watoto wanagawana milioni 30, milioni 5 kila mmoja, na binti anapata sawasawa na kaka yake, hata akiwa ameolewa. Ndugu tegemezi milioni 1.6. Mrithi wa kimila shilingi 400,000.

Sasa linganisha na kinachotokea katika sherehe ya kumaliza matanga. Ukoo unakusanyika, mrithi anavalishwa vazi la gome, anapewa mkuki na fimbo, anatambulishwa. Wote waliohudhuria wanaondoka wakiamini kwamba sasa yeye ndiye mwenye nyumba, shamba na ng'ombe. Sheria inamtambua kama mwenye asilimia 1. Wadhifa wake wa kimila una heshima yake na hakuna haja ya kuudharau, ila umechanganywa na umiliki, na mchanganyo huo umewatoa wajane wengi kwenye nyumba zao.

Mambo huharibika mapema kuliko watu wanavyodhani, katika siku za msiba zenyewe. Hati ya ardhi, kitabu cha benki, kadi ya gari na simu ya marehemu huondoka na "wanaosaidia." Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mjane, au kwa dada na rafiki anayemsindikiza, ni kuviweka vitu hivyo mahali salama kabla ya mazishi. Baada ya hapo, cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, barua ya LC1, kikao cha familia chenye kumbukumbu zilizosainiwa, taarifa kwa ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha ombi mahakamani na tangazo la siku 14 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Anayepewa usimamizi lazima awasilishe orodha ya mali ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka. Kipengele hiki cha mwisho husahaulika. Shemeji aliyejipatia usimamizi na kukaa kimya miaka mitatu anaweza kuitwa mahakamani kueleza, na mjane hahitaji ruhusa ya ukoo kumwita.

Watasema baadhi kwamba wanawake wa leo wana fedha zao, wana vikundi vyao. Ni kweli, na vikundi hivyo ni miongoni mwa mambo bora yaliyojengwa vijijini kwetu. Watu 15 hadi 30, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kila mkutano, mwanachama ananunua hisa moja hadi tano, muhuri unagongwa kwenye kitabu chake mbele ya macho ya wote. Anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mwisho wa mzunguko, miezi 9 hadi 12, sanduku linafunguliwa na kila mtu anarudi na akiba yake na faida. Benki nyingi zingetamani uaminifu wa namna hiyo.

Angalia lakini kinachoweza kumtokea mwanachama mmoja. Hisa ni shilingi 2,000, ananunua tatu kwa wiki, kwa wiki 40: amejiwekea 240,000. Katikati ya mzunguko mumewe anamtuma akope 300,000 za kununua pikipiki iliyotumika. Riba ni asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitatu, deni ni 345,000. Pikipiki inaharibika au inauzwa, mume hana cha kurudisha. Siku ya kugawana, akiba yake yote inamezwa na bado anadaiwa 105,000. Kitabu kinasema yeye ndiye mkosaji, wanawake wenzake wanamtazama yeye. Vikundi vilivyojifunza vimeweka kanuni: mwombaji aeleze fedha zinakwenda wapi, na kama ni kwa biashara ya mume, mume aje akae kwenye mkutano na asaini kama mdhamini. Waume wengi hawaji. Kutokuja kwao ni jibu tosha la ombi la mkopo.

Fedha za serikali zina mwanya wa aina hiyo hiyo. Mpango wa Maendeleo ya Parokia (parokia hapa ni ngazi ya utawala, si ya kanisa), uliozinduliwa Februari 2022, unatoa shilingi milioni moja kwa mnufaika, na asilimia 30 imetengewa wanawake. Fedha hupitia kwenye simu. Mwanamke ambaye laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, au anayeazima simu ya nyumbani, anaweza kuhesabiwa kwenye ripoti kama mnufaika bila kuzishika fedha hizo. Kusajili laini kwa kitambulisho chake mwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Na mwenye mashine ya kusaga, cherehani za biashara au mifugo ajue kwamba tangu 2019 kuna sheria inayoruhusu mali inayohamishika iwe dhamana na isajiliwe rasmi, hivyo kukosa hati ya ardhi kusiwe mwisho wa mazungumzo na benki.

Juu kwenye siasa tumetembea mbali, na isemwe wazi. Specioza Wandira Kazibwe aliteuliwa Makamu wa Rais mwaka 1994, wa kwanza mwanamke barani Afrika. Rebecca Kadaga aliongoza Bunge kuanzia 2011 hadi 2021. Mwaka 2021 Jessica Alupo akawa Makamu wa Rais na Robinah Nabbanja Waziri Mkuu. Kila wilaya ina kiti cha mbunge mwanamke, na katiba ya 1995 inatenga theluthi ya viti vya halmashauri. Walioshinda viti hivyo ni miongoni mwa waliosukuma sheria tulizozitaja. Lakini mbunge mwanamke wa Kampala, katika uchaguzi wa 2021, aliomba kura katika eneo la majimbo tisa, wakati mbunge wa jimbo aliomba katika moja. Mafuta, mabango na miguu mara tisa, kwa kiti kimoja. Naye mwanamke anayethubutu kugombea jimbo la kawaida huambiwa aende "kwenye kiti chenu." Kiti kilichowekwa kama mlango kimefanywa ukuta.

Ipo sehemu moja ambapo karatasi peke yake haitoshi, na tungekuwa tunadanganya kuiacha. Bukwo, wilaya ndogo ya mpakani upande wa Sebei, ndiko anakotoka Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kutwaa dhahabu ya Olimpiki, alipokimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Tokyo Agosti 2021. Ndiko pia alikotoka Rebecca Cheptegei. Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Tarehe 5 Septemba alifariki Eldoret, Kenya, akiwa na miaka 33, kwa majeraha ya moto baada ya mwanamume aliyewahi kuwa na uhusiano naye kummwagia petroli na kumchoma nyumbani kwake Trans Nzoia, ng'ambo ya mpaka. Ugomvi ulioripotiwa ulihusu kiwanja na nyumba. Alikuwa amefanya kila tunachomhimiza binti afanye: akajituma, akashinda, akawekeza kwenye ardhi.

Mwanamke mwenye mali hukabiliwa na hatari ya aina yake, na huzidi pale anapoanza kusema hapana. Ndugu na majirani hukimbilia neno moja: vumilia. Ndiyo nguvu tunayoisifu, na imezika watu. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inaruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani kabla damu haijamwagika, vitisho vinatosha. Aliyepigwa achukue fomu PF3 polisi, ambayo hailipiwi, ijazwe na mhudumu wa afya mapema, na abaki na nakala. Kesi nyingi hufa kwenye kikao cha familia, faini ya mbuzi ikilipwa huku nguo zimefuliwa na vidonda vimepona. Wazee wanaoongoza vikao hivyo hudhani wanaokoa ndoa.

Kuna mahali pameonyesha njia nyingine ya kukaa kikao. Huko Kasese, kwenye milima ya Rwenzori, ushirika wa kahawa wa Bukonzo Joint ulizifanya familia zichore mti. Kwenye mizizi kila mmoja anachora kazi anazofanya, mwanamke upande wake, mwanamume upande wake. Kwenye matawi wanachora matumizi ya fedha, na kwenye shina wanaonyesha nani anamiliki nini. Asiyejua kusoma anachora jembe, jerikeni, mtoto mgongoni, chupa ya bia. Mti ukikamilika unaonekana kama umeegemea: mizizi mizito upande wa mama, matawi mazito upande wa baba. Hakuna anayehitaji kutoa hotuba baada ya hapo. Mume ameuchora mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watoto. Kutoka kwenye michoro hiyo zilikuja familia zilizopanga msimu pamoja, zilizoandika umiliki wa pamoja wa ardhi na kukubaliana kuuza kahawa kwa pamoja, na ubora wa kahawa ukapanda, maana waliacha kuibiana.

Ushirika wowote wa Bugisu, Masaka au Bushenyi unaweza kuanza na jambo dogo kuliko hilo: mstari wa pili kwenye daftari la wanachama. Jina la baba, jina la mama, saini mbili siku ya malipo, na kahawa isipokewe kama rehani ya maua bila saini zote mbili. Viongozi wa gombolola nao wanaweza kuigeuza siku ya sherehe za Machi iwe siku ya ofisi: meza ya kuandikisha ndoa za kimila, meza ya NIRA, meza ya kamati ya ardhi, meza ya kusajili laini za simu, zote chini ya turubai lile lile ambalo lingebeba hotuba. Daftari la ushirika lakini lisingoje Machi. Lifunguliwe upya wakati wa kiangazi, miti ikiwa bado na vichomozo vya kijani tu, kwa sababu mvua ikishapiga, mnunuzi wa maua hachelewi kufika.